Nimemwambia kijana wa mwaka wa kwanza afute saa zake za kazi. Nimebakiza miezi 5. Nifanyeje?

KalamuYaKijani aliandika:

Ndugu zangu, naandika hapa kwa sababu wote ninaoweza kuwaambia uso kwa uso wamo ndani ya jengo lile lile.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu katika kampuni kubwa, zile zenye ofisi karibu kila nchi. Huu ni msimu wangu wa tatu. Mwaka jana walinipandisha, sasa nasimamia timu ndogo kwa wateja: mimi, mwenzangu wa mwaka wa pili, na kijana aliyeingia Septemba akitokea chuo. Juu yangu yuko meneja, na juu yake mbia anayetia saini ripoti. Wateja wetu wengi wanafunga mwaka tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Januari hadi Machi hatuna maisha mengine.

Alhamisi iliyopita, saa tano usiku, kijana alinionyesha fomu yake ya saa za wiki kabla hajaituma. Alikuwa ameandika 68. Ni kweli alizifanya, nilikuwa naye chumba kimoja muda wote. Nikamwambia aandike 45, maana bajeti ya kazi ile ilikuwa imekwisha. Akaniuliza kwa heshima kabisa: "Dada, zile 23 nyingine niziweke wapi?"

Nikamjibu: "Wewe bado unajifunza. Saa za kujifunza hatumtozi mteja."

Maneno hayo si yangu. Niliambiwa hivyo hivyo na aliyenisimamia mwaka wangu wa kwanza, na nakumbuka nilivyotoka nikaenda kusimama kwenye ngazi za dharura mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Huyu kijana hakwenda kwenye ngazi. Alifuta 68, akaandika 45, akaniambia asante. Asante ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Niwaeleze hali ilivyo, msije mkadhani ni usiku mmoja tu. Meneja wetu hapigi kelele. Hufungua karatasi zako kwenye skrini kubwa mbele ya timu nzima, anasoma makosa yako moja moja, taratibu, halafu ananyamaza na kukutazama mpaka useme kitu. Ukisema, anauliza, "Una uhakika?" Ukinyamaza, anauliza kama kazi hii unaitaka kweli. Ujumbe wake huingia karibu saa sita usiku ukiwa na maneno mawili: "Umefika wapi?" Kile kitone cha kijani kwenye programu ya ofisi, kinachoonyesha kama upo, kikizimika kabla ya chake, kesho yake atasema mbele ya watu kwamba wengine jana waliwahi kulala. Siku dada yangu alipojifungua nilikuwa nasoma maelezo ya mikopo ya mteja kwenye simu, nimeegemea ukuta wa korido ya wodi. Mtoto nilimwona mara ya kwanza nikiwa na kompyuta kwapani.

Mwisho wa mwaka mameneja hujifungia kutupanga kwa alama 1 hadi 5, na kila daraja lazima lipate watu wake. Mwenzetu mmoja mwaka jana aliandika saa zake zote za kweli. Tathmini yake ikasema hajui kusimamia muda. Hakuna aliyemtetea, na mimi sikumtetea. Aliondoka Juni.

Kuna jambo jingine, nalo nimelizunguka tangu mwanzo wa maelezo haya. Wiki hiyo hiyo nilikuwa napima sampuli ya ankara 25 za mauzo ya Desemba. Kumi na tisa nilizifungua, nikazilinganisha na hati za kupokea mzigo. Sita za mwisho nilizitia tiki bila kuzifungua. Ilikuwa saa nane usiku, karatasi zilitakiwa kwa meneja asubuhi, nikajiambia kama zile kumi na tisa ziko sawa basi na hizi ziko sawa. Sijawahi kufanya hivyo kabla. Ripoti bado haijasainiwa.

Bodi ya wahasibu inataka miezi 36 ya uzoefu ndipo nipate cheti. Ninayo 31. Nivumilie kimya hii miezi 5, au niondoke sasa? Na huyu kijana nimwambie nini?

---

WakiliWaMikataba alijibu:

Pole sana dada. Mimi ni wakili, ofisi kubwa, mwaka wa sita. Kwetu siku inakatwa vipande vya dakika sita sita na kila kipande lazima kiwe na jina la mteja, kwa hiyo unachosema nakijua.

Ushauri wangu ni maliza hiyo miezi. Cheti utaondoka nacho popote uendako, meneja atabaki na skrini yake. Usigombane na mtu, usiandike barua ndefu. Weka akiba ya matumizi ya miezi mitatu, anza kutuma maombi ya kazi ukibakiza miezi miwili, na siku ya kuaga shukuru kila mtu kwa sababu dunia ya taaluma zetu ni ndogo na mtakutana tena. Kuhusu saa, wote tunapunguza. Kijana naye atazoea.

---

NiliyewahiKuwaMeneja alijibu:

Mdogo wangu, swali lako la kwanza si kubaki au kuondoka. Ni zile ankara sita. Kesho asubuhi, kabla hujagusa kitu kingine, zifungue.

Umesema ni mauzo ya Desemba. Unajua vizuri kuliko wasomaji wengine hapa kwa nini Desemba hupimwa: mteja anayetaka mwaka wake upendeze huvuta mauzo ya Januari na kuyaandika kabla ya mwaka kufungwa. Kasoro ikiwepo, hujificha siku hizo hizo za mwisho. Na sampuli ya 25 inabeba mamia ya ankara ambazo hakuna atakayezifungua. Sasa hivi karatasi yako inamwambia mbia kwamba kazi fulani imefanyika, na haijafanyika. Yeye atatia saini akiamini tiki yako. Ukizikuta ziko sawa, andika tarehe halisi uliyozipima, usirudishe tarehe nyuma. Ukikuta moja ina kasoro, mwandikie meneja siku hiyo hiyo. Ripoti ikishasainiwa, kwa kawaida kuna siku 60 za kupanga jalada na kulifunga, lakini siku hizo ni za kupanga, si za kufanya upimaji ambao haukufanyika. Leo bado unaweza kusahihisha kwa njia ya kawaida kabisa.

Sasa nirudi kwenye saa. Nilikaa ukaguzi miaka 11, minne ya mwisho nikiwa meneja, na bajeti nilizipanga mimi. Nilikuwa nafungua saa zilizoandikwa mwaka uliopita, napunguza kidogo kwa sababu mteja ameomba ada ishuke, basi, bajeti imekamilika. Fomu zikisema 45, nilichokiona ni 45. Sikuwa na njia ya kuona 68. Au niseme ukweli: nilikuwa nayo, maana nilikuwa napita chumbani kwenu saa nne usiku nawakuta, lakini jedwali lilinipendeza zaidi.

Kijana alikuuliza zile 23 aziweke wapi. Jibu ni kwamba zinawekwa kwenye bajeti ya mwakani, kwa kutokuwepo. Mwakani atakuja kijana mwingine, atapewa saa 45 za kazi ya saa 68, na atakayemsimamia ataambiwa mwaka jana ilifanyika kwa 45, wewe una shida gani? Huku mbia anaona kazi imeleta faida nzuri, anampongeza meneja. Mimi nilipandishwa cheo kwa faida ya namna hiyo. Kuna wasichana wawili na mvulana mmoja ambao usingizi wao ndio uliokuwa faida ile, na kila nikikumbuka majina yao naona aibu.

Ndiyo maana kupunguza saa si jambo dogo la kiofisi kama kaka wakili anavyosema. Saa zikifichwa, muda wa kupima unakosekana. Muda ukikosekana, mtu mwangalifu kama wewe anatia tiki saa nane usiku. Ni mnyororo mmoja.

Na si kwamba taaluma haijui. Kanuni ya kimataifa ya maadili ya wahasibu ina sehemu nzima, ya 270, inayozungumzia shinikizo la kumfanya mhasibu avunje misingi yake. Miongoni mwa mifano yake ni shinikizo la mkubwa la kupunguza kazi isivyostahili, na la kumpa mtu kazi kwa muda usiowezekana. Kiwango cha usimamizi wa ubora, ISQM 1, kilichoanza kutumika 15 Desemba 2022, kinaitaka kampuni ihakikishe wanaopangiwa kazi wana uwezo na muda wa kutosha, na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko kuhusu kazi isiyofikia viwango. Kampuni yako lazima ina huo utaratibu, hata kama hakuna aliyewahi kukuonyesha ulipo. Utafute, usome, ujue unapokelewa na nani.

Neno moja kwa kaka wakili, kwa heshima. Kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen ilikuwa na watu wapatao 85,000 duniani ilipoanguka mwaka 2002 baada ya kashfa ya hesabu za mteja wake, kampuni ya nishati ya Enron. Wengi wao hawakuwahi kushika karatasi hata moja ya mteja yule. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu yake ya kuzuia uchunguzi mwaka 2005, lakini wateja walishaondoka na kampuni ilishakwisha. Walionyamaza na kufanya kazi yao vizuri walikuwa wengi sana humo ndani, na hawakusalimika.

---

WakiliWaMikataba alijibu:

Nimekuelewa. Lile la "atazoea" nalirudisha. Mimi nilizoea, na mke wangu ndiye anayejua nilizoea nini. Lakini kwenye miezi 5 bado nasimama pale pale.

---

DawatiLaWatumishi alijibu:

Dada, mimi nafanya idara ya rasilimali watu, si kwenu wala si kwenye kampuni ya namna yenu. Niongeze upande wangu.

Kwanza, ile miezi 31 huenda haipotei ukiondoka. Bodi nyingi hupokea uzoefu wa waajiri zaidi ya mmoja, mradi kila kipindi kimethibitishwa na msimamizi anayestahili. Soma kanuni za bodi yako wiki hii, na hakikisha hiyo 31 imesainiwa sasa, ungali unaelewana na anayesaini. Nimeona watu wakibaki mahali panapowaumiza kwa kuogopa kupoteza kitu ambacho hakikuwa hatarini.

Pili, usije idarani kwetu na neno "mazingira mabaya". Nasema hivi nikijua idara yangu inalipwa na mwajiri na humlinda mwajiri. Neno lile tunaliandika, tunakushukuru, halafu halina pa kwenda. Njoo na tarehe. "Tarehe fulani, saa fulani, mbele ya fulani na fulani, alisema maneno haya." Anza daftari leo, la karatasi, likae nyumbani. Usiandike humo jina la mteja wala hesabu zake, wala usijitumie barua pepe za kazi kwenye anwani yako binafsi. Usiri utakuponza wewe kabla ya yeye. Kile cha skrini mbele ya timu, kikirudiwa rudiwa, si ukali wa kazi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unataja vitendo vinavyoleta madhara ya kisaikolojia sawa na vile vya mwili. Kama nchi yako imeuridhia, hiyo ni silaha. Kama haijauridhia, bado ni lugha ambayo idara yoyote ya watumishi inaielewa.

Tatu ni mwili wako. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao: mtu anayefanya saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% kuliko anayefanya 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iko juu kwa 17%. Kijana wako alifanya 68 na wewe ulikuwa naye chumba kimoja, kwa hiyo zako hazipungui hizo, ingawa hukuzitaja. Umehesabu za kila mtu isipokuwa zako. Mikono kutetemeka, usingizi kukatika, kufanya kitu ambacho hujawahi kufanya na ulijua si sahihi: nenda kamwone daktari, umweleze na saa unazofanya, siyo dalili peke yake.

---

MwakaWaKwanza alijibu:

Mimi si yule kijana wako dada, lakini ni kijana wa mtu mwingine, kampuni nyingine, na nimeingia Septemba kama yeye. Nimejiandikisha humu leo ili nikujibu.

Umeuliza umwambie nini. Mwambie kwamba 68 ilikuwa sahihi. Sisi tukiambiwa tufute hatujui kama tumefanya kazi polepole mno au kama kazi ni kubwa kuliko muda. Mimi nimekaa miezi minne nikiamini ni mzito wa kuelewa, kwa sababu kila nikitazama fomu za wenzangu zinasema 45 na mimi natumia 60 na kitu. Juzi ndipo nimejua kuwa na wao wanafuta. Tulikuwa watano tunadanganyana, na kila mmoja akirudi nyumbani anajiona yeye peke yake ndiye hawezi.

Alisema asante kwa sababu hakujua aseme nini. Mimi pia nilisema asante.

---

KalamuYaKijani aliandika:

Nimesoma yote, mengine mara tatu. La mwisho nimelisoma nikiwa choo cha ofisini na ilibidi nikae humo kidogo.

Nilizifungua. Tano ziko sawa. Ya sita, ankara ina tarehe 30 Desemba, hati ya kupokea mzigo imesainiwa tarehe 6 Januari. Kiasi chenyewe ni kidogo ukilinganisha na mauzo yote. Lakini nilipoiona tarehe ile nilihisi baridi mgongoni, maana niliitia tiki mwenyewe na nilikuwa nimeshalala juu yake siku nne.

Nilimwandikia meneja kabla ya mchana: sita sikuzipima mara ya kwanza, leo nimezipima, moja imevuka mwaka, napendekeza tuongeze sampuli ya siku za mwisho za Desemba na za mwanzo wa Januari. Sikutoa sababu wala kuomba radhi mara tatu kama ninavyofanya siku zote. Aliniita. Safari hii hakufungua skrini. Aliuliza, "Kwa nini umeandika kwamba hukuzipima? Ungezipima tu." Nikamwambia kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akanitazama kwa ule ukimya wake, nami nikanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu. Mwishoni akasema tuongeze ankara 15, na kwamba saa za kuzipima nitajua mwenyewe nitakakozitoa.

Tumepata nyingine mbili zilizovuka. Mteja amekubali kurekebisha.

Kijana nilimwita pembeni nikamwambia 68 ilikuwa sahihi, kwamba mimi ndiye niliyekosea, na kwamba hakuwa mzito hata siku moja. Alinyamaza, halafu akauliza kama sasa atapata matatizo. Nikamwambia sijui, lakini yakija yatapitia kwangu kwanza. Sina hakika kama nina uwezo wa kutimiza hilo. Nililisema na nitajaribu.

Kaka wakili, nimeangalia kanuni: miezi yangu 31 ni yangu, naweza kumalizia kwingine. Nimeomba isainiwe, na imesainiwa Jumatano. Dada wa watumishi, saa zangu wiki ile zilikuwa 74. Niliandika 45. Daktari ni Jumatatu saa tatu asubuhi, na nimeiweka kwenye kalenda ya ofisi ikionekana na wote.

Jana usiku fomu zilifunguliwa tena. Yangu nimeandika 66, ndizo nilizofanya. Kijana akanitumia yake kabla ya kuituma, 61, chini ameandika: "Dada, nipeleke hivi?" Nikamjibu apeleke hivyo. Kikao cha kutupanga kwa alama ni wiki ijayo, Alhamisi. Nitarudi kuwaambia.